Minazi ya Tanga 1914 kwa skeli ya 1/72: diorama nzuri iliyoangushwa na miti yake

Hiki kisa nakiandika chote mwanzo mwisho kwa sababu tatizo lake nimelikuta kwa watu wengi wanaotengeneza diorama za vita, yani zile mandhari ndogo za sanamu kwenye ubao. Askari wamepakwa rangi mpaka vifungo, bunduki zimenyooka, alafu miti ovyo kabisa, na mwenye kazi haelewi kwanini watu wanaiangalia sekunde mbili wanapita.

Mwenye kazi hapa ni jamaa yangu wa Tanga, fundi umeme, ana mkono mtulivu kuliko watu wengi ninaowajua. Alichagua pambano la Tanga la Novemba 1914, ile tarehe 4 ambapo majeshi ya Muingereza yaliyoshukia Ras Kasone, wengi wao Wahindi, yalijaribu kuingia mjini kupitia mashambani. Ubao ni sentimita 60 kwa 40, skeli 1/72, yani kila kitu kimepunguzwa mara 72, askari kama thelathini hivi, upande mmoja askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Mjerumani, na zile kofia zenye kitambaa cha kufunika shingo, upande wa pili Wahindi na vilemba vyao na Waingereza wawili watatu. Sanamu hazina kasoro na nilimwambia hivyo hivyo. Ila katikati yao alisimamisha minazi saba ya plastiki, ile ya kupambia keki, na nyuma akapanga miti ya duara ya kijani aliyoagiza mtandaoni, ile wanayotengenezaga kwa ajili ya treni ndogo za Ulaya. Minazi yote urefu sawa, kila mmoja una makuti tisa yamesimama juu kwa juu mithili ya brashi ya chooni, shina la kahawia linang'aa.

Swali lake lilikuwa dogo tu: "Kaka, nikipiga rangi nyingine itakaa?"

Haitakaa. Nikamwambia weka brashi chini kwanza tuulizane hii ni miti gani, ilipandwa na nani, ilikuwa na umri gani siku hiyo, na ni mwezi gani wa mwaka. Ukishajibu hayo manne unakuwa umeshajua urefu, umbo, rangi na nafasi kati ya mti na mti, yani imebaki mikono tu. Na kwa Tanga majibu yote manne yanapatikana bila kuhangaika sana.

Kwanza tuelewane kwanini kwenye pambano hili hasa mti sio pambo. Tarehe 2 Novemba manowari HMS Fox iliingia bandarini Tanga kudai mji ujisalimishe, nyuma yake kulikuwa na kikosi cha Meja Jenerali Arthur Aitken, watu kama 8,000 kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengine aliwaleta kwa treni kutoka upande wa Moshi kwa ile reli ya Usambara. Kwa hesabu ya kawaida mchezo ulishaisha. Sasa Aitken hakupeleleza vya kutosha, na kati ya Ras Kasone na mji kulikuwa na mashamba ya minazi, mashamba ya mpira, vichaka, mahindi, mkonge. Watu walipoingia humo mistari ikakatika, kikosi hakimuoni mwenzake wa pembeni, maafisa wanapiga kelele hawasikiki, na wale wanaowasubiri wamejipanga kwenye mkato wa reli, ule mfereji uliochimbwa ili reli ipite, wanawaona wanatokea kidogo kidogo. Juu ya hapo nyuki. Mizinga ilikuwa imetundikwa mitini, risasi na mtikisiko vikawachokoza, wakauma watu wa pande zote mbili. Baadaye kwa Waingereza kukazuka uvumi kwamba Wajerumani waliitega kamba ile mizinga makusudi, uvumi mtamu lakini nyuki wa pwani hawahitaji kuvutiwa kamba. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea kwa pamoja.

Kwahiyo ukitengeneza Tanga yenye minazi saba iliyotawanyika kwenye nyasi, ambapo kila askari anamuona kila askari, umetengeneza pambano lingine. Mtazamaji hata kama hajui historia anajiuliza moyoni hawa walishindwaje kuonana.

Tukaanza hesabu. Sentimita 60 kwa 40 kwenye 1/72 ni mita 43 kwa 29, eneo ambalo kwenye uwanja wa mpira halifiki hata robo. Minazi ya shamba hupandwa mita 8 hadi 9 kutoka mti hadi mti, chukua 9, inakuwa sentimita 12 na nusu. Ukipanga kwa pembetatu, unavyopanga ili kila mti upate jua, ubao ule unabeba minazi kati ya 16 na 20. Yeye ana saba. Alafu ile saba aliipanga hovyo hovyo akidhani ndo inaonekana asilia, kumbe shamba la mlowezi wa Kijerumani lilipimwa kwa kamba na linatakiwa lionekane limepimwa. Msitu ndo unaotawanyika.

Sasa umri, na hapa ndo tulibishana. Yeye anataka minazi mirefu, anasema "kaka mi nimezaliwa Tanga, minazi ya Tanga mirefu". Sawa, ya leo. Mjerumani ameshika pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1880, baada ya vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, na mashamba makubwa yakapandwa kuanzia hapo. Tuseme mnazi umepandwa 1897, mwaka 1914 una miaka 17. Mnazi mrefu wa pwani miaka yake mitano sita ya mwanzo hauna hata shina la maana, unaona makuti yanatoka ardhini tu, ndo baadaye unaanza kupanda, ukipata maji na ardhi nzuri nusu mita kwa mwaka hivi. Ukijumlisha unapata shina la mita 5 mpaka 6. Kwenye 1/72 ni sentimita 7 hadi 8! Wakati kuti lenyewe lina mita 5, yani sentimita 7. Maana yake ni kwamba shina na kuti vinakaribia kulingana, kichwa cha mnazi kina upana wa sentimita 14 wakati nafasi kati ya mti na mti ni 12 na nusu, kwahiyo makuti yanagusana na kuingiliana juu ya vichwa vya askari. Ile picha ya nguzo ndefu yenye kishungi kidogo juu, picha ya postikadi, inakufa hapo hapo. Unapata paa la chini, lenye kivuli, na mashina manene mafupi yaliyopangwa mistari. Na hicho ndo kitu kinachoeleza kwanini watu walipotea.

Hakukubali mara moja. Tukamalizia kwa makubaliano kwamba ukingo wa kushoto tunaweka minazi miwili mizee, ya mwenyeji aliyekuwepo kabla ya Mjerumani, mita 18 yani sentimita 25, imeinama kidogo kufuata mwanga. Hiyo ni halali kabisa, pwani hii watu walilima minazi karne na karne kabla ya kampuni yoyote. Na ile miwili kwa kweli imesaidia, jicho linapata kipimo cha kulinganisha.

Mwezi ni Novemba, vuli. Kwahiyo nyasi mbichi, udongo mweusi mweusi wenye unyevu, sio ile vumbi ya njano ambayo kila mtu anamwaga kwenye diorama ya Afrika bila kuuliza. Jamaa alikuwa ameshamwaga. Tuliikwangua.

Kutengeneza sasa. Nitakaa kwenye kuti kwa sababu ukikosea kuti hakuna kitakachokuokoa.

Karatasi ni ya kawaida ya printa. Ipake rangi pande zote mbili kabla ya kukata, ukipaka baada ya kukata vile vijani vinajikunja na kushikana na kazi imeisha. Kata vipande vyenye umbo la mtumbwi mwembamba, urefu sentimita 5 na nusu, upana katikati sentimita 2, ncha imechongoka. Uti wake ni nyuzi za shaba kutoka kwenye waya wa fleksibo, ule wa pasi au ekstensheni, fundi umeme anao wa kumwaga: chukua nyuzi tatu, zisokote, zipake gundi nyeupe ya mbao, zilaze katikati ya karatasi na uache sentimita moja na nusu nje kwa nyuma, hiyo ndo sehemu ya upongoo isiyo na majani. Ikikauka ndo unakata. Mkasi wa kucha, kata mshazari kuelekea nchani, kutoka pembeni mpaka karibu kugusa waya. Kuti la kweli lina vijani karibu mia kila upande, ukigawa kwa sentimita 5 unapata nusu milimita, hakuna mkasi wala subira ya kufanya hivyo. Milimita moja inatosha, jicho linadanganyika. Milimita mbili halidanganyiki, nimejaribu kumwambia na bado alikata mawili matatu ya hivyo akaona mwenyewe.

Kosa kubwa la makuti ya karatasi linakuja hapa: watu wakishakata wanaliacha limelala bapa. Simama chini ya mnazi angalia, vijani havikai bapa, vinaning'inia kila upande, kuti likikatwa kwa ubavu linaonekana V iliyopinduliwa. Kwahiyo shika uti kwa kucha, teremsha pande zote mbili chini kwa kidole, alafu upinde uti wenyewe upinde unaoanza taratibu na kuongezeka kuelekea nchani, na mwisho lizungushe kidogo, nusu mzunguko hata haufiki, maana makuti ya pembeni hujipindua ubavu. Alafu ng'oa vijani viwili vitatu hapa na pale, upepo wa kaskazi haujawahi kuacha kuti zima.

Mnazi wenye afya una makuti 25 hadi 35. Kwenye minazi 16 hiyo ni kazi ya kichaa, ndo tukagawa: ya mbele makuti 28, ya katikati na nyuma ambayo vichwa vimeingiliana makuti 18 yanatosha. Jumla bado ni zaidi ya mia tatu. Jamaa aliwakalisha wadogo zake sebuleni jioni wakakata huku taarifa ya habari inaendelea, na sikuona tofauti kubwa kati ya ya kwake na ya kwao isipokuwa mdogo wa mwisho alikuwa anakata vizuri kuliko wote.

Shina la ile minazi mifupi lilitafutiwa kila dawa mpaka jibu likapatikana duka la hadwea: msumari wa inchi 4. Unene wake ni milimita 4 na kitu, na shina la mnazi la sentimita 30 kwenye 1/72 ni milimita 4 na kitu. Ncha inachoma ubao sentimita mbili, zinabaki nane juu, na kile kichwa cha msumari kinakuwa jukwaa la kugandishia makuti. Uvishe kwanza tepu ya karatasi ya wapaka rangi ili gundi ishike, ongeza raundi za tepu chini mpaka kitako kifike milimita 8, mnazi una kitako kimevimba na ukikisahau unaonekana bomba limechomekwa ardhini. Alafu chukua uzi wa kushonea, uzungushe kuanzia chini mpaka juu kwa nafasi ya milimita moja na nusu, paka gundi nyeupe iliyozimuliwa juu yake. Zile pete ni makovu ya makuti yaliyoanguka. Ile minazi miwili mizee shina lake ni waya mnene wa aluminiamu, na huko juu pete zinabanana zaidi kwa sababu mti ukizeeka unarefuka taratibu. Kwenye mmoja tulichonga vidato vya mkwezi kwa wembe, vinapishana kulia na kushoto kila nusu mita, yani milimita 7. Hicho kitu kidogo watu wa pwani wanakiona kabla hawajamuona askari yeyote. Kwenye minazi ya Mjerumani hatukuweka, mita tano sita mtu anapanda tu.

Kugandisha kichwa anza chini kwenda juu. Makuti manne makavu, kahawia, yameangukia kabisa kwenye shina. Alafu yale ya njano njano yanayoinama, alafu ya kijani yaliyolala, alafu yanayosimama, na katikati kabisa lile changa ambalo halijafunguka, waya mtupu uliopakwa rangi ya kijani mpauko. Usigandishe kwa duara, moja moja kwa mpangilio. Kila kuti linalofuata linatoka digrii 140 hivi kutoka lililotangulia, kwahiyo linakwenda karibu upande wa pili bila kuufikia kabisa. Ukifuata hiyo kichwa kinajaa chenyewe kwa namna ambayo ukijaribu kupanga kwa jicho hupati. Kwenye mashina ya makuti tulizungushia kilifu cha kweli, ule wavu wa kahawia wa kwenye mnazi, kimechambuliwa uzi mmoja mmoja, na nazi ni shanga za milimita 3 na nusu zimepakwa kijani na chache kahawia. Mtu alipendekeza mtama badala ya shanga. Mtama unaingia fukusi. Kitu chochote cha kuliwa usiweke kwenye diorama inayokaa pwani, wala gundi ya unga wa ngano, mende watakuja usiku kucha.

Rangi ya shina ni kijivu. Narudia kwa sababu hata niliposema mara ya kwanza jamaa alifungua kopo la kahawia: mnazi ni kijivu, na ule upande unaopata unyevu una mabaka meupe meupe na kijani kidogo cha ukungu. Tulipaka kijivu cha kati, tukaosha kwa rangi nyeusi iliyochanganywa maji mengi iingie kwenye zile pete, alafu brashi kavu yenye kijivu cheupe juu juu. Na kwa ujumla zimua kila rangi kwa nyeupe kidogo kuliko unavyoona kwenye mti halisi, kitu kidogo kikipakwa rangi kali kama kikubwa kinakuwa kizito na kinaonekana plastiki. Vanishi isiyong'aa kila mahali, isipokuwa mgongo wa makuti ya kijani ambapo mng'ao kidogo sana unakubalika.

Mpira sasa, ambao watu wengi hawaujui na nao ulikuwa sehemu ya uwanja. Ukisema shamba la mpira mtu anawaza ile miti mirefu myembamba ya Malesia. Mashamba ya Mjerumani upande wa Tanga yalikuwa hasa ya ule mpira wa Ceara, Manihot glaziovii, ndugu wa muhogo kabisa, ule ule ambao majani yake leo watu wanayapika wakaita kisamvu cha mpira. Kwahiyo reference ya umbo iko nyuma ya nyumba za watu, nenda kaangalie. Mti wa mita 7 au 8, unagawanyika chini chini, matawi yameachana, gome linabanduka vipande vyembamba vinavyojikunja. Hauna uhusiano wowote na lile duara la kijani la treni za Ulaya, na ndo maana ile miti ya kuagiza yote ilitoka ubaoni.

Huu ni rahisi kuliko mnazi. Kata nyuzi za shaba fungu zima, sentimita 12, sokota sehemu ya chini iwe shina, gawa mafungu matatu, kila fungu ligawe tena, mpaka unabaki na nyuzi moja moja nchani. Vaa gundi nyeupe iliyochanganywa na unga wa msasa, mara mbili, mpaka nyuzi zisionekane. Kwa gome linalobanduka tulitumia karatasi ya sigara, vipande vya milimita mbili, gundi upande mmoja tu, upande mwingine unajikunja wenyewe. Vitawi vya nchani ni dodoki, lile la kuogea, limechambuliwa na kupakwa kijivu. Majani yake ya kweli ni kama kiganja, kwenye skeli hii milimita mbili tatu, kukata umbo lile ni kujitesa, na usoni hakuna atakayeona. Chukua majani makavu yoyote membamba, saga kwa mkono, pitisha kwenye chekeche la unga, kile kilichopita kipitishe tena kwenye chujio la chai, kinachobaki juu ya chujio ndo saizi yako. Puliza hea sprei juu ya matawi, nyunyizia, rudia, alafu paka rangi ya kijani juu kwa sababu jani halisi litapauka tu. Nyunyizia kwa mafungu mafungu na uache mwanga upite, mpira hauna kivuli kizito.

Mbuyu alitaka lazima, na nilikuwa na wasiwasi, maana mbuyu kwenye diorama umegeuka muhuri wa "hapa ni Afrika", unawekwa hata pasipohusika. Lakini Tanga mibuyu ipo na wakulima huwa wanauacha shambani, kwahiyo sikuwa na hoja ya kuukataa, hoja ilikuwa ukubwa tu. Shina la mita 6 ni sentimita 8, linakula sehemu ya askari watano. Tukaukata kwa ukingo wa ubao, nusu tu ndo inaonekana kona ya nyuma kulia, kama ubao ungeendelea ungeuona wote. Ndani ni foam ya boksi la TV, juu ni toilet pepa iliyolowekwa gundi na kukunjwa kwa kidole ikiwa mbichi, inatoa ile mikunjo ya ngozi bila kuchonga kitu. Angalizo, supaglu inayeyusha foam ya namna hiyo, na rangi ya kopo la kupuliza pia, ivishe karatasi na gundi ya maji kwanza. Matawi ni mizizi ya kichaka iliyokaushwa juani. Mbuyu wa Novemba mvua zikishaanza hauko uchi, umeanza kutoa majani, kwahiyo tuliweka kijani kidogo nchani tu.

Na mizinga ya nyuki ikapanda huko na kwenye mwembe mmoja: kijiti cha sentimita moja na nusu, unene milimita 5, kimezibwa pande zote, kimelazwa na kufungwa kwa uzi wa katani. Nyuki hatukuweka. Jamaa alitaka kudondosha vitone vyeusi. Nyuki wa milimita 12 kwenye 1/72 ni chini ya milimita 0.2, ukidondosha kitone kinachoonekana umeweka kunguru mdogo. Nyuki wanaonyeshwa na watu, kwahiyo Wahindi watatu tuliwakata mikono kwenye bega na kuigandisha upya ikiwa imefunika uso, mmoja ameangusha bunduki. Inatosha, kila anayekuja anauliza hawa wamepatwa na nini.

Baada ya kupanda vyote likaibuka tatizo ambalo nililitarajia, askari hawaonekani. Umetengeneza paa, paa limefunika. Yeye akapendekeza tukate minazi minne ya mbele tuseme imepigwa na makombora ya HMS Fox, mi nikakataa, huwezi kumbebesha adui uharibifu ili tu wewe upate kuona. Tukapitisha njia ya shamba, mita 3 yani sentimita 4, mshazari kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ndani. Mistari ya minazi nayo ikawa mshazari kwa ukingo, sio sambamba nao. Sasa ukisimama mbele na macho usawa wa ubao unaona ndani kwa ndani kati ya mashina, na ukihama hatua moja wengine wanapotea wengine wanatokea. Meza ilipandishwa mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima. Ukiiangalia kwa juu utaona makuti tu na hiyo ni sahihi.

Chini ya minazi tuliweka takataka: makuti yaliyoanguka, yale yaliyokatwa vibaya na kupakwa kahawia na kijivu, majani ya chai yaliyokwishachemshwa yakakaushwa, nyuzi za katani zimekatwa na kusimamishwa kuwa nyasi. Mkonge wenyewe ni mashada mafupi ya karatasi nene yamechongwa ncha, sentimita 2 kwenda juu, mstari mmoja tu pembeni ya njia. Moshi wa pamba aliokuwa ameweka kwenye midomo ya bunduki tuliuacha kwa askari wa Schutztruppe peke yao, baadhi ya kombania zao bado zilikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871 za baruti ya moshi, tukaupunguza na kuulaza chini ya makuti.

Kinachonisumbua mpaka sasa ni karatasi na unyevu. Makuti ya mbele upande wa dirishani yameanza kufunguka ile V, yanarudi bapa. Tuliyapaka vanishi upande wa juu peke yake, na chini palipobaki wazi ndo panaponyonya. Ndo tunashusha minazi ya mbele mmoja mmoja, misumari inang'oka kirahisi, tunapaka chini kwa brashi ndogo kisha tunairudisha kwenye tundu lake. Ile ya katikati haitoki, vichwa vimeshikana, itabidi kupuliza kutoka pembeni na kufunika askari kwa vipande vya nailoni.

Bado anasema minazi ni mifupi.